Normand Gaudette, Fundi Aliyeuliza Aache Nini

Ijumaa, tarehe 27 Oktoba, baada ya miaka arobaini na mitatu ya kazi, Bwana Normand Gaudette wa Idara ya Huduma atafunga droo ya meza yake na kustaafu rasmi. Alikuja kiwandani kwetu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, nywele hadi mabegani. Anaondoka bila nywele lakini na vidole vyote kumi, na kwa mtu aliyetumia maisha yake mbele ya gurudumu la kung'arishia chuma, hilo si jambo la kubeza. Meneja wetu, Bwana Whitcomb, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha kwa ajili ya jarida hili. Kuchangamsha nitajitahidi. Ukurasa mmoja sikuahidi.

Kwa wasionijua, mimi ni Halina Pisarek wa dawati la mapokezi, yule anayefungua maboksi. Kila bastola inayorudishwa na mteja ili itengenezwe hupita mikononi mwangu kwanza, kisha huenda kwa Normand. Meza zetu zimetenganishwa na kabati moja la bisibisi, na nimesikia chafya zake nyingi kuliko za mume wangu.

Normand ni mtoto wa kiwanda. Baba yake, marehemu Armand, alifanya kazi hapa hapa kwenye bonde la mto Connecticut, enzi zile ambapo nusu ya mafundi waligombana kwa Kifaransa na nusu iliyobaki kwa Kipolandi. Kama mnavyojua, kila fundi wetu ana alama yake. Akimaliza kazi huigonga kwa msumari wa chuma chini ya vibao vya mpini, mahali ambapo mteja hafiki. Alama ya Armand ilikuwa nukta mbili. Normand alipopewa meza aliongeza moja, na nukta zake tatu ziko chini ya mipini ya bastola ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu.

Wiki yake ya kwanza wakubwa walimtuma stoo akalete ndoo ya buluu. Huo ni utani wa zamani wa viwanda vya silaha, kwa sababu buluu, ile rangi nyeusi yenye ubuluu ya bastola, haikai kwenye ndoo. Chuma hupigwa msasa, kikang'arishwa mpaka ujione uso, ndipo kikachovywa kwenye chumvi inayochemka. Normand hakujua. Alikwenda na ndoo, akachekwa stoo nzima, akarudi nayo imejaa maji ya sabuni. Aliitua mbele ya waliomtuma, akawaambia kwamba buluu imekwisha na kwamba hii ni ya kusukutulia midomo ya waongo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtuma kitu.

Sifa zake za mezani hazifichiki. Supu ya njegere kwenye chupa ya chai, Januari hadi Desemba. Karibu na Krismasi huleta pai ya nyama aliyooka mkewe Lucille, naye huikata kwa haki yake mwenyewe: aliyeharibu kazi mwaka huo hupata kipande kinachopitisha mwanga. Kazi iliyong'arishwa kupita kiasi, kingo zikawa za mviringo na maandishi ya kiwanda yakafifia, huiita "iliyolambwa". Kuna watu wazima humu ndani, siwataji, ambao wamewahi kwenda chooni kulia kwa sababu Normand alishika kazi yao kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kwa upole ni nani aliyeilamba.

Mafanikio yake Bwana Whitcomb atayasoma siku ya sherehe na cheti atakikabidhi. Mimi nataka kueleza jambo moja tu, nalo ni simu.

Mteja anayeturudishia bastola yake huchagua mojawapo ya huduma tatu. Ya kwanza ni Huduma ya Ndani: tunaifungua, tunaisafisha, tunalainisha mtambo wa kifyatulio na kubadilisha springi iliyochoka. Ya pili ni Huduma ya Nje: tunaing'arisha na kuitia rangi upya. Ya tatu ni Huduma Kamili, yaani zote mbili, na bastola hurudi kwa mwenyewe kama imetoka kiwandani leo. Kwenye karatasi uchaguzi huo ni rahisi. Tatizo ni kwamba watu huchagua kama wanavyoagiza chakula wakiwa na njaa. Ndiyo maana Normand hakugusa kazi ya mtu kabla ya kumpigia simu. Aliyetaka kila kitu alimwuliza kwa nini. Mama mmoja wa Maine aliomba Huduma Kamili kwa sababu bastola ilikuwa inalia ikifunguliwa; Normand alimwelekeza pa kutia tone la mafuta, akamrudishia boksi lake. Polisi mstaafu wa Ohio alitaka kifyatulio kilainishwe, kisha kilainishwe tena, mpaka Normand akachoka kubembeleza.

"Bwana," alimwambia, "nikikilainisha hivyo, itafyatuka ukiitazama vibaya."

Na kabla ya kukata simu, kila mteja, awe wa kazi kubwa au ndogo, aliulizwa swali lile lile. Karatasi ilimwuliza anataka tufanye nini. Normand alimwuliza anataka fundi aache nini bila kukigusa. Wengi hawakuelewa mara ya kwanza. Aliwasubiri. Hapo ndipo yalipotoka mambo: usiguse mkwaruzo wa chini, niliiangusha siku mwanangu alipozaliwa, usibadilishe vibao vya mpini, mzee alivichonga mwenyewe jikoni. Normand alivaa miwani, akaandika kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika juu ya mahali penyewe ili mkono usisahau.

Wageni humu ndani hudhani alizaliwa na swali hilo. Hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa mama mmoja aitwaye Leota Farnham, wa ng'ambo ya mto, Vermont, na lilimgharimu.

Ni miaka ishirini na kitu sasa. Mume wa mama huyo, Orrin Farnham, alikuwa askari wa wanyamapori kwenye misitu ya kule juu. Alibeba bastola yetu kiunoni tangu ujana wake mpaka moyo ulipomsimama. Baada ya mazishi, mtoto wao wa kiume alitaka kumfurahisha mama yake, akatuletea bastola kimyakimya na kuchagua Huduma Kamili. Ilikuwa imechakaa kweli. Mtutu ulikuwa umepauka kwa kuingia na kutoka kwenye ala, na ubavuni, upande wa kulia, juu kidogo ya kifyatulio, palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa ncha ya kidole ambapo rangi ilikuwa imekwisha kabisa.

Normand aliifanyia kazi kwa moyo wote. Sijaona kazi safi kama ile kabla wala baada. Kingo zilibaki kingo, herufi zilisimama, na ule mstari unaounganisha kifuniko cha ubavu na mwili wa bastola ulipotea usiuone. Msimamizi wa wakati huo aliipiga picha na kuitundika ukutani ili vijana wajifunze. Mama Farnham aliposikia iko tayari hakutaka itumwe. Alivuka daraja mwenyewe kwa gari lake la kubebea mizigo, akaja mpaka kwenye dawati langu, bado amevaa buti za zizini.

Nilimwita Normand aje apokee sifa zake. Mama aliichukua, akaigeuza, akaweka kidole cha shahada ubavuni juu ya kifyatulio. Akakipitisha hapo mara kadhaa, akitafuta. Kisha akatutazama bila hasira hata kidogo.

"Ni nzuri sana, bwana," alisema. "Ya kwangu iko wapi?"

Alitueleza, kwa maneno machache. Orrin alikuwa mtu mwenye adabu ya silaha. Akiitoa bastola, kidole chake hakikukaa kwenye kifyatulio; alikilaza ubavuni, kikasubiri hapo. Miaka yote ile ya kukutana na majangili usiku na kurudi nyumbani bila kumpiga mtu risasi ilikuwa kwenye lile doa. Jasho la kidole kimoja lilikuwa limekula rangi polepole, na sisi tuliliona doa kama uchakavu. Normand alisimama pale, mikono imening'inia. Chuma ukishakiondoa hakirudi, na hakuna anayelijua hilo kuliko fundi wa kung'arisha. Mama alisema si kosa letu, mwanawe ndiye aliyechagua. Akashukuru na kuondoka.

Alasiri ile Normand aliibandua ile picha ukutani. Msimamizi aliitaka irudi, na haijarudi mpaka leo. Kesho yake alianza kupiga simu.

Sasa nieleze kwa nini anaondoka, maana wengine wanasema amechoka, na si kweli. Gurudumu limemla vidole. Ni ule mtetemo. Ukiushika miaka mingi, ncha za vidole hufa ganzi. Mkono wake wa kulia hausikii tena kitu, na fundi wetu asiyesikia kwa vidole anafanya kazi kwa kubahatisha. Yeye hakubahatisha, kwa hiyo aliomba kuondoka mwenyewe. Inauma kulisema hili kwenye jarida la sherehe, lakini ndivyo ilivyo.

Na tangu majira ya kuchipua, utaratibu nao umebadilika. Mteja anachagua huduma kwenye kompyuta yake nyumbani. Anajibu maswali manne, na kompyuta yenyewe inampendekezea: ukisema rangi imepauka, inakupa Huduma Kamili. Ni haraka, sikatai. Bwana Whitcomb si mtu mbaya, ana watu wa juu wanaomwuliza kwa nini tunachelewesha kazi, na simu za Normand zilikuwa zinachelewesha kazi. Zilipigwa marufuku kwa lugha ya heshima. Simu ya mezani kwake iliondolewa, ikabaki yangu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mwezi Septemba mjukuu akaja kweli.

Nilifungua boksi kama nilivyofungua mengine yote, nikakuta bastola ya zamani ya modeli ya askari, imechaguliwa Huduma Kamili, jina la mteja ni Corinne Farnham. Jina halikunigutusha; Wafarnham ni wengi upande ule. Nikaipeleka mezani. Normand alifungua vibao vya mpini kama kawaida, na hapo chini akakutana na nukta tatu zake mwenyewe. Aliniita. Akanionyesha ubavu wa kulia. Juu kidogo ya kifyatulio palikuwa na doa jeupe, la ukubwa wa ncha ya kidole.

Aliniomba niliguse kwa niaba yake, kwa sababu yeye hasikii. Nikamwambia panateleza kuliko sehemu nyingine. Akauliza kama nina hakika. Nikaweka kidole tena, nikamwambia nina hakika. Alivua miwani akaifuta, akasema tutapiga simu saa ya chakula. Nikamkumbusha kwamba hairuhusiwi. Akasema saa ya chakula ni yake, na simu ni yangu, kwa hiyo anaomba kwangu.

Masikio yake nayo yamechoka kwa kelele za magurudumu, kwa hiyo tuliweka simu kwenye spika, na ndiyo sababu niliyasikia yote. Corinne ni muuguzi, na tulimkuta naye yuko mapumzikoni. Alisema bibi yake Leota alifariki mwezi wa Mei, bastola akamwachia yeye, naye alitaka kuiheshimu kwa kuifanya ing'ae. Normand akamwuliza anataka aache nini. Yule binti, kama wengi, hakuelewa. Normand akamwuliza kama anajua lile doa la ubavuni limetoka wapi.

"Aa, hilo ni la bibi," Corinne alisema. "Alikuwa anapasugua. Kila jioni akiwasha redio anaichukua, haina risasi, anaweka kidole hapo anasugua weee. Sisi tulidhani ni uzee tu."

"Hakuwahi kusema kwa nini?"

"Nilimwuliza siku moja. Akaniambia, 'Hapa ndipo babu yako alipokuwa anaweka kidole. Wamemfuta. Namrudisha taratibu.'"

Normand alikaa kwenye kiti changu. Mimi nilitazama maboksi. Kule kwenye simu binti akauliza kama bado tupo.

"Tupo," alisema Normand. "Binti, aliyemfuta ni mimi. Mikono ni hii hii."

Normand hakujitetea, hakumtaja mtoto wa Leota, wala karatasi, wala sahihi ya mteja. Alisubiri kama alivyozoea kuwasubiri wateja.

"Mimi nilichagua ile kubwa kwa sababu kompyuta iliniambia imechakaa," Corinne alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Kumbe. Haya, mzee, basi wewe ndiye unayejua pa kuacha. Acha pote."

Kazi ile ilikuwa ya mwisho kwa Normand, na aliifanya bila haraka. Aliosha mafuta yaliyokuwa yamegeuka gundi, akabadilisha springi, akarekebisha kile kishikio kinachosimamisha silinda ya risasi ili isicheze. Nje hakugusa. Nje hakufuta hata vumbi; aliniomba mimi, nikafuta kwa kitambaa laini, nikiruka lile doa. Kisha akachukua msumari na nyundo ndogo. Vidole havikuusikia msumari, akaniomba nimshikie. Karibu na nukta tatu za zamani zikaingia tatu mpya, zimepinda kidogo. Akafunga vibao.

Kompyuta haikufurahi. Mteja alikuwa amechagua Huduma Kamili na bastola ilikuwa inatoka imepauka vile vile, na mashine ile ina majibu mawili tu ya kufungia kazi: imefanywa, au haikufanywa. Nilimshauri abonyeze la kwanza yaishe. Alikataa, akasema hajawahi kusaini kazi ambayo hakuifanya, hataanza wiki ya kuondoka. Kwa hiyo ukienda leo kwenye kumbukumbu za Idara ya Huduma, ukatafuta kazi ya mwisho ya fundi bora aliyewahi kukaa kwenye meza ile, utakuta ina alama nyekundu, na imeandikwa kwamba haikufanywa. Nimemwomba Bwana Whitcomb airekebishe. Amesema mfumo hauruhusu. Namwamini, na bado nina hasira.

Corinne hajaandika neno tangu boksi lilipomfikia, ila alama ya kupokea ipo. Normand huniuliza kila asubuhi kama kuna kitu. Namwambia bado. Anaitikia kwa kichwa na kwenda kuvaa aproni.

Natamani ningemalizia kwa kusema anaondoka na roho nyeupe. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba mama mmoja alikaa zaidi ya miaka ishirini akirekebisha kwa kidole kitu tulichokiharibu kwa siku mbili, na kwamba Normand hakupata nafasi ya kumwambia ameona. Amechelewa kwa miezi minne. Hilo atakwenda nalo ziwani, kwenye kile kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, na wala si supu ya njegere itakayolitoa.

Kwa niaba ya wenzako wote, Normand, asante. Asante kwa kazi, kwa pai, na kwa wale uliowakatalia Huduma Kamili wakaja kukushukuru baadaye. Msalimie Lucille, umwambie sasa ni zamu yake kuvumilia chafya. Tunakuombea uzee wenye joto, barafu nene, na samaki wasio na haraka. Meza yako ataikalia kijana kutoka idara ya silinda, ana mikono mizuri, ila hana simu. Mimi ninayo. Saa ya chakula ni yangu, na swali nalijua.

Vidole vyako vipumzike. Jumatatu nitafungua boksi la kwanza bila wewe, nami nitapiga simu.